Nimepewa fomu ya oda ya Cobra replika, kurasa 9 za kuchagua. Nishaurini kabla sijasaini

Mtoto wa Chumbageni (Coventry)

Wakuu salamu.

Najua humu tunaongea zaidi Noah, Harrier na IST, na mimi mwenyewe kazini nakwenda na Yaris. Ila kuna ugonjwa ninao tangu darasa la sita kule Tanga. Nyumba ya jirani kulikuwa na kalenda ya kampuni ya matairi, mwaka wake umeshapita zamani, haikung'olewa ukutani kwa sababu ya picha ya mwezi wa Agosti: gari la bluu lisilo na paa, mistari miwili meupe katikati, mabomba ya ekzosti yametokea ubavuni. Sikujua ni gari gani. Nilikuja kujua ukubwani kwamba linaitwa Cobra.

Kwa asiyelijua, kwa kifupi. Kampuni ya AC ya Thames Ditton, pembeni ya London, ilikuwa na kigari chepesi kiitwacho Ace, na injini yake ya Bristol ikawa inaelekea mwisho. Akatokea Mmarekani wa Texas, Carroll Shelby. Huyu bwana aliwahi kufuga kuku, kuku wakafa, akahamia mbio za magari, akashinda Le Mans mwaka 1959, kisha moyo ukamsumbua akaacha kukimbia. Mwaka 1962 akachomeka V8 ya Ford ndani ya kile kigari cha Waingereza. Mwaka 1965 likaja lile lenye mbavu pana, 427 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), ambalo ndilo la kwenye kalenda. Ya asili yote kwa jumla ni kama 1,000 tu, na lile la kwanza kabisa lilipigwa mnada 2016 kwa dola milioni 13.75. Kwa hiyo sisi wengine ni replika, tena kwa kudunduliza. Mimi nimedunduliza miaka 11.

Karakana niliyoichagua inaniundia chasi, mwili wa faiba uliopigwa rangi, suspensheni, breki na waya. Injini na giaboksi nitafunga mwenyewe na shemeji yangu. Fomu ina kurasa 9, kila mstari una kisanduku, kila kisanduku kina bei. Jumamosi usiku nilitia tiki kila kinachong'aa. Nikajumlisha. Nikachukua kifutio.

Nimekwama hapa: injini ipi, giaboksi ipi, rimu za inchi 15 au 17, ekzosti ya ubavuni au ya nyuma, hita ya nini, na rangi. Wajuzi tiririkeni.

---

Kipara wa Ilala (Dar)

Mkuu hiyo hela ni nyumba ya vyumba vinne Chanika, choo ndani, na ukuta. Ila sikuingilii. Naweka kambi hapa, nina karanga.

---

Bi Mdogo Reading (Reading)

Kaka, karibu kwenye wazimu. Mimi nimejenga la kwangu miaka mitatu usiku usiku, mume wangu kazi yake ilikuwa kushika tochi na kulaumu. Nikuambie kitu ambacho muuzaji hatakuambia, maana yeye anauza visanduku.

Hapa Uingereza gari lako halitaingia barabarani mpaka lipite ukaguzi wa IVA, ule wa magari yanayoundwa moja moja. Mkaguzi hajali kalenda yako. Ana kipimo cha kuangalia kingo: chochote kinachotokeza nje na mtu anaweza kukigusa lazima kiwe kimeviringwa, si chini ya milimita 2.5. Sasa angalia fomu yako ukurasa wa rimu, kuna zile nati kubwa za katikati zenye masikio mawili, zinapendeza kama bawa la njiwa. Hizo hazipiti. Watu wananunua, wanazifungua, wanafunga nati zisizo na masikio siku ya ukaguzi, wakirudi nyumbani wanabadilisha. Swichi za dashibodi zilizochomoza nazo ni hivyo hivyo. Mimi nilikwenda kwenye ukaguzi gari langu limevishwa mipira ya pembeni kila mahali kama mtoto anayefundishwa baiskeli.

Kelele: mwisho ni desibeli 99. Mabomba ya ubavuni yana sailensa fupi mno, kwa hiyo kama karakana ina chaguo la sailensa nzito ndani ya bomba, hilo tia tiki bila kufikiri.

Na usukani. Mkaguzi anaendesha taratibu, anakata kona, anaachia. Usukani usiporudi wenyewe kuelekea katikati, umefeli. Cobra nyingi zinafelia hapo, hata yangu. Waambie karakana wakupe mikono ya suspensheni ambayo unaweza kurekebisha kasta mwenyewe, yaani ile pembe inayofanya usukani urudi katikati. Ni kisanduku kidogo ukurasa wa mbele huko, hakina hata picha.

---

Nyundo ya Gerezani (Dar)

Dada hapo umeongea kifundi. Niongeze.

Mkuu wa Chumbageni, chukua kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Pita fomu yote. Kila kitu ambacho mwili wa faiba ukishashuka juu ya chasi hutakifikia tena bila kuubomoa, zungushia nyekundu. Kila kinachofungwa kwa bolti na kufunguliwa Jumapili, nyeusi. Hela yako iishie kwenye nyekundu kwanza. Kioo cha pembeni, kifuniko cha mafuta cha alumini, nembo, zulia, redio, hivyo vyote utanunua hata mwaka kesho kwa bei nafuu, tena vya mtu mwingine aliyekinai.

Nyekundu namba moja ni chasi yenyewe. Watakupa rangi ya poda kama kawaida na mabati ya moto (chuma kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka) kama nyongeza. Lipa nyongeza. Poda inapendeza siku ya picha. Jiwe moja likiipasua, maji yanaingia chini yake na kutambaa, juu unaona weusi unang'aa, ndani kutu inakula kama mchwa. Na huko kwenu nasikia baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani. Kama siku moja unalileta Tanga ndiyo kabisa, chumvi ya bahari haina msimu.

Namba mbili: insulesheni, yaani kinga ya joto, ya sanduku la miguu. Nimewahi kutengeneza V8 iliyobanwa kwenye boneti ndogo, ya mteja mmoja. Manifoldi za ekzosti zinapita sentimita chache kutoka mahali dereva anapoweka mguu. Dakika ishirini za foleni na soli ya kiatu ililainika, ikaacha alama ya pedeli. Muulize muuzaji: insulesheni inawekwa upande gani, wa injini au wa mguu? Akijibu wa mguu tu, mwambie na wa injini pia.

---

Mtoto wa Chumbageni

Nyundo, nimechukua kalamu mbili kweli. Nyekundu zimetoka kumi na nne. Kwenye fomu yenyewe nilikuwa nimetia tiki tatu kati ya hizo. Nyeusi nilikuwa nimetia karibu zote.

Insulesheni ya upande wa injini ipo. Ni mstari wa mwisho kabisa ukurasa wa 6, chini ya vishikio vya vikombe.

---

Kipara wa Ilala

Vishikio vya vikombe kwenye gari lisilo na paa. Kunywa nini, mvua?

---

Mzee Kobe (Houston)

Kijana shikamoo naipokea hata kama hujanipa. Niko huku Texas miaka mingi, kila mwezi tunakutana asubuhi na magari na Cobra hazikosekani, na katika kila ishirini labda hakuna hata moja ya asili.

Kuhusu injini. Watu watakusema: Cobra bila 427 ya Ford si Cobra. Waulize hivi. Hizo hizo 427 za barabarani za miaka ya sitini, nyingi zilitoka kiwandani na injini ya 428, ambayo ni ya bei nafuu na tabia tofauti, iliyotengenezwa kwa magari makubwa ya familia. Nembo ubavuni ikabaki ile ile. Kwa hiyo hata Shelby mwenyewe alikuwa anachagua kwenye fomu kwa kuangalia mfuko.

Na hayo mabomba ya ubavuni, roli ba (bomba la kumkinga dereva gari likipinduka) nyuma ya kichwa cha dereva, na kipoza oili chini ya mdomo, unavyoviona kwenye kila replika, asili yake ni ajali ya biashara. Zilitengenezwa za mashindano, hazikupata wanunuzi wote, zikabaki uwanjani. Wakazipaka rangi nzuri na kuziuza kwa watu wa kawaida kama za "nusu mashindano", S/C. Zilikuwa 31 tu. Leo dunia nzima inaiga zile 31.

Huku Marekani kuna sheria ya mwaka 2015 inayoruhusu kampuni ndogo kuunda replika zilizokamilika, zisizozidi 325 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilibidi ununue gari lisilo na injini, kisha "rafiki" akutilie. Bado wengi wanafanya hivyo, ndivyo tulivyozoea.

---

Mtoto wa Chumbageni

Shikamoo Mzee Kobe, samahani sana, haraka za mitandaoni.

---

Mswahili wa Durban

Marahaba kwa niaba yake haha.

Nyie mnajua kwamba Cobra nyingi mnazoziona Marekani zimezaliwa Afrika? Backdraft wanaunda hapa Durban, na Superformance zinatoka Gqeberha, ile iliyokuwa Port Elizabeth. Naziona zikipita kwenye malori, usukani kushoto, zikienda kupanda meli. Wenyewe tunaendesha kulia.

Suala la rimu. Inchi 15 ndiyo sura ya asili, ile tairi nene yenye nyama. Inchi 17 inakupa nafasi ya diski kubwa na tairi za kisasa zinazoshika lami. Huku mtu akitaka kukimbia kweli anaenda 17 au 18. Mimi nilikaa kwenye yote mawili. Ya 17 inakata kona kama kisu, lakini ukiliangalia limeegeshwa, kuna kitu kimekosea na huwezi kusema nini. Kama mtu uliyemzoea amenyoa nyusi.

Kumbuka tu kwamba ukichagua 15 umechagua na breki. Diski kubwa haitaingia humo baadaye. Kwa kalamu ya Nyundo hiyo ni nyekundu iliyovaa nyeusi.

---

Njoro wa Lang'ata (Nairobi)

Niaje wadau. Mimi kila mwaka siikosi Concours, yale maonyesho ya magari ya hapa Racecourse, na niliwahi kuuliza sana mambo ya kuleta gari kama hii. Mambo mawili.

Moja, ukipanga siku moja kuileta Kenya: gari iliyotumika isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Kwa hiyo angalia sana usajili wako huko. Sijui mnaitaje ile namba ya Q, lakini ukija na gari ambayo makaratasi yake yenyewe yanasema umri haujulikani, utakaa sana Mombasa ukila samaki.

Mbili, kabureta au injeksheni. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Hiyo hakuna dawa. Lakini kabureta iliyopangwa Uingereza, ukiifikisha huku inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, gari inakohoa kila roundabout. Unabadilisha jeti, vile vitundu vya mafuta vya kabureta, sawa. Sasa shuka Mombasa nayo. Jeti tena. Injeksheni inajipima yenyewe. Chukua injeksheni bana.

---

Bi Mdogo Reading

Njoro amegusa kidonda. Namba ya Q maana yake ni gari ambalo umri au asili ya vipuri vyake haieleweki. Kisheria linatembea vizuri tu, ila bei yake ya kuuzia inashuka na kila mtu anakuuliza.

Ukitaka namba ya mwaka huu, vipuri vyote vinatakiwa viwe vipya kutoka kwa mtengenezaji, na unaruhusiwa kimoja tu kilichofanyiwa ukarabati kamili hadi kuwa kama kipya. Kimoja, kaka. Ukichukua injini iliyokarabatiwa, halafu ukatia tiki kwenye difu ya Jaguar "iliyokaguliwa na kusafishwa" kwa sababu ni nafuu, umeshajipa Q bila kujua. Muuzaji hakudanganyi, anaandika nafuu nawe unaona nafuu.

Na injini yenyewe ina mtego. Iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Agosti 1975 inapimwa moshi kwa macho tu. Mpya inapimwa gesi zake kwa mashine, kwa hiyo yale masega ya kuchuja moshi yapate nafasi ndani ya bomba tangu siku ya kwanza.

---

Nyundo ya Gerezani

Halafu mkuu ukishachagua injini ndipo uchague giaboksi, usianze na giaboksi. Wengi wanaona injini ya LS3 ya Chevrolet, lita 6.2, farasi 430, alumini, nyepesi, bei nzuri. Ni injini nzuri sana, siisemi vibaya. Ila inasukuma toki ya Nm 575 na hapo giaboksi ya T5 ya Mustang haina chake, itakutapikia meno. Unalazimika kupanda hadi Tremec TKX, na klachi kubwa, na pedeli inakuwa nzito, na bei inapanda ngazi tatu kwa kisanduku kimoja.

---

Mswahili wa Durban

Na Chevrolet ndani ya Cobra ni kumtilia mtu wa Simba jezi ya Yanga akiwa amelala.

---

Kipara wa Ilala

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa uzi.

---

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, nimekaa na shemeji, nimekaa na kikokotoo, na nimekaa na mama watoto, ambaye ndiye alikuwa mgumu kuliko IVA. Msimamo wangu huu hapa, pigeni mawe.

Injini: Ford 302 ya mwaka 1973, lita 5 kasoro kidogo, imekarabatiwa yote na ina makaratasi ya tarehe ya bloku. Hicho ndicho kipuri changu kimoja. Nguvu ni kama farasi 300. Najua ni kidogo kwa wakali wa hapa, lakini Yaris yangu ina 69 na bado nimepigwa faini ya mwendo.

Kabureta. Njoro umenishawishi kwa hoja, ila Tanga iko usawa wa bahari na Coventry haina mlima wa maana. Nataka kusikia ile pumzi ya kabureta inavyovuta chini ya boneti. Jeti nitabadilisha siku nikija kukuona.

Kwa farasi hao T5 inatosha, tena klachi inabaki ya mguu wa binadamu. Difu mpya, siyo ya kusafishwa. Wananipa uwiano wa 3.54 au 2.88. Nilipiga hesabu kwa tairi ya 295/50R15 na gia ya tano ya 0.68: kwa mwendo wa maili 70, 3.54 inazungusha injini kama 2,130 kwa dakika, 2.88 kama 1,730. Muuzaji alinisukumia 2.88, ati "itakuwa tulivu barabara kuu". Gari halina paa wala madirisha, utulivu gani? Nimechukua 3.54 liwe jepesi kutoka kwenye taa.

Rimu 15. Durban, ile ya nyusi imenimaliza. Breki basi ni za ukubwa huo, bila sevo ya kusaidia mguu. Nilijaribu gari la mfano lililo hivyo, pedeli ni ngumu kama kukanyaga tofali, unaambiwa utazoea. Nguo za kazini zimenizoesha viatu vya chuma, nitazoea.

Chasi mabati ya moto. Insulesheni pande zote mbili. Mikono ya kurekebisha kasta. Matundu ya kutolea maji sehemu ya chini ya milango, hayo hayakuwemo kwenye fomu, niliyaandika kwa mkono pembeni.

Hita nimeifuta. Vishikio vya vikombe nimevifuta kwa heshima ya Kipara.

Imebaki rangi.

---

Bi Mdogo Reading

Nakupa tano. Ila hita kaka, fikiria tena. Siyo ya mguu, mguu utaivaa injini. Ni ya kioo. Bila kupuliza hewa ya moto, asubuhi ya Oktoba utaendesha ukiwa umetoa kichwa pembeni kama mbwa kwenye pikapu. Ukikataa hita basi hakikisha kioo cha mbele ni kile chenye waya za kupasha moto, na waya zake zivutwe sasa hivi kabla ya dashibodi kufungwa.

Na ekzosti ya ubavuni: mjulishe kila atakayepanda gari. Ukishuka, mguu wa nyuma unajiburuta wenyewe kwenye bomba. Shavu la mguu, hapa hapa. Mimi nina alama ya urefu wa kidole. Kuna chaguo la kinga ya bomba, kikaratasi cha chuma chenye matundu. Ni nyeusi, inafungwa siku yoyote, lakini inunue leo.

---

Kipara wa Ilala

Naweka kreti ya soda mezani. Wa kwanza kuungua ni mwenyewe, wiki ya kwanza. Anayebisha aje.

---

Mzee Kobe

Nabisha. Wa kwanza atakuwa mgeni.

---

Mtoto wa Chumbageni

Suala la rangi limechukua wiki tatu, nisamehe kwa ukimya.

Moyo wangu ulikuwa bluu na mistari meupe, kalenda ile ile. Tukaenda karakana mimi na mama watoto. Wana vibao vya rangi vya ukubwa wa kitabu, vimepigwa rangi kamili na vanishi, siyo karatasi. Ndani chini ya taa nyeupe, bluu yangu ilikuwa kama nilivyoiota. Mama watoto akachukua vibao viwili, akatoka navyo nje. Ilikuwa inanyesha manyunyu, mbingu ile ya Uingereza isiyo na jua wala kivuli. Akavilaza juu ya ukuta. Bluu ikafa, ikawa kama sare ya walinzi. Kibao cha pili kilikuwa kijani kizito, karibu cheusi, ambacho mimi nisingekiangalia. Matone yalipokaa juu yake kikafunguka, ukiinama unaona kijani cha chupa, ukisimama unaona cha mwembe baada ya mvua.

Akaniuliza, "Siku ngapi kwa mwaka kuna jua hapa?"

Kijani. Bila mistari. Mistari anasema naweza kubandika siku kalenda ikinizidi, na mpiga rangi wao alikubaliana naye: rangi moja inaficha na kufichua kwa haki, ila akanitahadharisha kwamba kijani kizito kinaonyesha kila wimbi la faiba. Akanishauri nilipie chaguo ambalo halimo kabisa kwenye fomu, muda. Mwili ukae miezi miwili baada ya kutoka kwenye molda, faiba imalize kujikaza, ndipo upigwe msasa na rangi. Ukipakwa upesi, baada ya msimu mmoja wa joto unaanza kuona nyuzi zikichora juu ya vanishi. Nimesaini na hiyo miezi miwili imeandikwa kwenye mkataba.

Kioo chenye waya nimechukua. Kinga ya bomba nimeiacha, inaharibu mstari wa gari.

---

Nyundo ya Gerezani

Hapo mwisho umeharibu. Mengine yote sina neno.

---

Njoro wa Lang'ata

Kijani bila stripes! Nairobi ungepewa tuzo ya rangi siku ya kwanza. Weka picha.

---

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu narudi, mwaka na miezi minne baadaye. Uzi ulikuwa umeshuka ukurasa wa 40, nimeuvuta juu.

Chasi na mwili vililetwa Machi. Injini tuliingiza mimi na shemeji siku mbili, siku ya kwanza nzima ilikuwa kutafuta kwa nini haishuki sentimita ya mwisho. Kulikuwa na tambara ndani ya beseni la klachi. La shemeji.

Kile kisanduku cha kasta kisicho na picha ndicho kilichoniokoa. IVA ya kwanza nilifeli usukani, kama Bi Mdogo alivyosema neno kwa neno. Niliilegeza mikono ile gereji kwangu, nikaongeza kasta kwa spana mbili, Jumanne nikarudi, nikapita. Jirani yangu wa foleni alikuwa na replika ya karakana nyingine yenye mikono isiyorekebishika, akaondoka na gari kwenye trela. Kelele nilipata 97. Namba nimepewa ya mwaka huu, siyo Q. Mkaguzi alizunguka na kipimo chake, akagusa mpira wa kingo ya dashibodi, akaniangalia, nikaangalia dari.

Nilichokosea: bila sevo si tatizo, ila nilisahau kuuliza umbali wa pedeli. Ya breki na ya mafuta zimekaribiana, kwa kiatu changu cha kazini nakanyaga zote mbili. Kulikuwa na chaguo la sanduku la pedeli linalosogea. Nyekundu kabisa, nililiruka. Sasa ninaendesha kwa raba nyembamba za mwanangu, saizi moja na yangu.

Jana jioni nilifunga zile nati zenye masikio. Zinakazwa kwa nyundo ya shaba, mtaa mzima ulisikia. Ninazo picha, simu inazipandisha.

Kipara na Mzee Kobe, kuhusu kreti. Aliyeungua wa kwanza ni yule mwenye karakana aliyeniuzia, alikuja kuliona limemalizika, akaketi, akasifu, akashuka. Shavu la mguu wa kulia. Akaniambia kwa nini sikuchukua kinga.

---

Mzee Kobe

Mgeni. Kipara, mimi napenda tangawizi, siyo kola.

---

Kipara wa Ilala

Huyo siyo mgeni, ni mtengenezaji. Tupige kura.